Vuli ya huku si vuli ya kwetu

Kwetu Lushoto mtu akisema vuli imeingia, unatafuta jembe. Mvua za mwezi wa kumi zinaanza, maharage yanaingia ardhini, miche ya kabichi inatolewa kitaluni. Hapa Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, kamusi nayo inauita msimu wa Septemba hadi Novemba vuli. Nilipofika niliona ni jina tu. Ilibidi nitupe karibu nusu ya mavuno ya mwaka wangu wa kwanza ndipo nielewe kwamba vuli ya kwetu inafungua shamba na ya huku inalifunga, na likishafungwa hushiki udongo tena mpaka Aprili.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu waliokodi vipande vya ardhi pembezoni mwa Lewiston na Portland, na wengine walio kwenye nchi za baridi kama hii. Kulima wengi tunajua. Wakongo, Warundi, Wabantu wa Kisomali, sisi wa Tanzania na Kenya, mtu ukimpa jembe hahitaji kufundishwa. Tunakwama baada ya kuvuna.

Nilipata robo eka kwa dola 150 kwa msimu, maji yakiwamo. Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi nikitoka nalala kwa saa nne, kisha naenda shamba. Baba yangu amelima kabichi na karoti maisha yake yote. Mzigo wake ulishuka Mombo kwa lori na kulala njiani kwenda Dar. Basi nikajiona mtaalamu. Nilipanda viazi mviringo, viazi vitamu, vitunguu, karoti, kabichi, maboga, ngogwe (wengine huziita nyanya chungu) na mchicha ule ambao Wakongo wanauita lengalenga. Mpaka mwezi wa nane nilikuwa napiga picha na kurusha kwa ndugu.

Jambo moja sikuliwaza kabisa: sijawahi kumwona baba akihifadhi karoti. Ghala lake lilikuwa udongo wenyewe. Karoti zinakaa ardhini mpaka dalali apige simu, zinang'olewa usiku, zinaoshwa mtoni alfajiri, zinaondoka. Mboga ya nyumbani inachumwa jioni, inaliwa jioni. Kwa hiyo nilikuja huku na ujuzi wote wa kulima, na wa kutunza sina hata robo.

Kwanza vitunguu, ili nimalize aibu hiyo mapema. Niliagiza mbegu ya Red Creole kwa sababu ndilo jina nililolizoea. Kitunguu huanza kujaza tunguu kwa kufuata urefu wa mchana. Aina zetu zimezoea saa 12 na kidogo, na hapa mwezi wa sita mchana unafika saa 15 na zaidi. Miche yangu ikiwa bado myembamba kama kalamu iliona mchana mrefu ikadhani muda umefika, ikajaza. Nilivuna vitunguu vyenye ukubwa wa gololi. Huku unatafuta aina za mchana mrefu, na kama unataka vya kukaa, unatafuta zile zinazosifiwa kwa kukaa. Mimi sasa napanda Patterson na sijajuta.

Jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku, ilikuja mwishoni mwa Septemba. Mchana ule jua lilikuwa kali, nimevaa fulana. Redio ikasema usiku joto litashuka mpaka 36. Hapa wanapima kwa Farenhaiti, na maji yanaganda kwenye 32, kwa hiyo nikapiga hesabu yangu: bado nina nyuzi nne za usalama. Nikaenda zamu. Sikujua kwamba kipimo hicho huchukuliwa juu, kama kimo cha mtu, tena pengine mbali na shamba lako. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi inapoteza joto haraka, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inatiririka kama maji ikatuame bondeni. Shamba langu liko bondeni. Nililichagua mwenyewe, kwa sababu kwetu udongo wa bondeni ndio udongo.

Asubuhi nilipitia huko moja kwa moja. Nyasi zilikuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, zinalia chini ya viatu. Majani ya maboga yalikuwa bado ya kijani, yamesimama, nikasema alhamdulillahi. Jua lilipoyagusa yakaanza kulegea mbele ya macho yangu, yakageuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na saa tatu yalikuwa meusi yamelala. Mchicha kwisha. Ngogwe kama zimemwagiwa maji ya moto. Kwenye kipande cha jirani yuko mama mmoja wa Uvira, tunamwita Mama Uvira, alikuwa anakunja vitenge vikuukuu alivyofunika ngogwe zake jana yake jioni. Zake zote nzima.

"Mdogo yangu," aliniambia, "hapa ukiona nyota mingi, usisadiki redio. Funika."

Sasa nina mashuka ya mitumba kumi na mawili kwa kazi hiyo. Unafunika kabla jua halijazama, wakati ardhi bado ina joto la kutunza, na unafunua asubuhi. Nimewahi kupata wiki tatu za ziada za ngogwe kwa njia hiyo, kwa sababu mara nyingi jalidi ya kwanza inapita, halafu joto linarudi kwa siku kadhaa.

Lakini hasara kubwa ya mwaka ule haikutokea usiku ule. Ilitokana na niliyoyafanya siku zilizofuata nikiwa nimechanganyikiwa.

Viazi vitamu, kwa mfano. Majani yamekufa lakini viazi viko chini, nikajiambia viko salama, vitasubiri siku zangu za mapumziko. Ikanyesha. Nikaongezewa zamu mbili. Nilivichimba baada ya siku kumi na mbili kutoka kwenye udongo baridi kama maji ya kisima. Kwa macho vilikuwa vizuri sana, vyekundu, vinene. Kumbe kiazi kitamu ni mtoto wa joto. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi kinaanza kuumia ndani, na yale majani yaliyokufa yanateremsha uozo kupitia shina. Majani yakipigwa na jalidi, kata mashina siku hiyohiyo na uchimbe siku hiyo au ya pili yake. Kama huna nafasi, omba ruhusa kazini. Mimi siku hizi nachimba kabla, nikishaona usiku unaanza kucheza kwenye 40 za Farenhaiti.

Maboga niliyakata bila mkia. Kwetu nani anajali mkia wa boga? Linakwenda chunguni kesho. Lakini boga la kukaa miezi minne, mkia ndio kifuniko chake. Ukiutoa, umeacha mlango wazi. Mengine niliyabeba kwa kuyashika mkia huohuo, ukakwanyuka. Na yalikuwa yamekwisha kuguswa na baridi ya ule usiku, ngozi ina mabaka ya maji ambayo sikuyatilia maanani.

Viazi mviringo nilivichimba vikiwa na ngozi laini, ile ya kutoka kwa kidole gumba. Halafu nikaviosha. Nilitumia Jumapili nzima na bomba la maji nyuma ya nyumba, na watoto wakisaidia, tukavipanga vinang'aa kama vya kupeleka sokoni Ilala. Tukavitia kwenye maboksi ya plastiki yenye vifuniko na kuvifunga vizuri, panya wasiingie. Nikikumbuka furaha yetu siku ile nacheka peke yangu.

Nyumba tunayopanga ina chumba kikubwa cha chini, kilichochimbwa ardhini, ambamo ndimo lilimo tanuru la kupashia nyumba joto. Nikashusha kila kitu humo. Viazi vyote viwili, maboga, karoti kwenye mifuko ya nailoni na majani yake, kabichi, na kapu mbili za matofaa tuliyochuma kwenye bustani moja ya matunda ambako unalipa na kujichumia. Nilisimama ngazini nikatazama. Nilijiona tajiri.

Novemba maboga yakaanza. Unalibonyeza boga linaonekana zima, kidole kinaingia. Desemba nilichemsha viazi vitamu kwa ajili ya wageni. Vikachemka saa nzima. Nje vimeiva, katikati kuna kiini kigumu kama ubao, hata uchemshe mpaka kesho. Nilidhani ni aina mbaya. Kumbe ndivyo kiazi kitamu kilichopigwa na baridi kinavyokuwa, hakilainiki tena. Viazi mviringo vya boksi la juu vilikuwa vya kijani kwa sababu taa ya chumba kile tulikuwa hatuizimi. Vya chini vimeoza kwa unyevu uliokosa pa kutokea. Rangi ile ya kijani yenyewe haidhuru, ila inakuonyesha kwamba kiazi kimetengeneza sumu chini ya ngozi, inakuja na uchungu. Kama ni kidogo unakata pakubwa. Kama kimeenea, tupa. Tulitupa.

Karoti ndizo zilizoniumiza zaidi kwa sababu zilionekana nzima. Zilikuwa chungu. Si uchungu wa kuoza, uchungu wa dawa. Mwanangu mdogo alitema, akaniuliza kama nimezipaka sabuni.

Usiku mmoja wa Januari, nje ni hasi 15, nilibeba mifuko saba ya uozo kutoka chini kwenda kwenye pipa la taka. Maji ya kabichi yalivuja kwenye koti langu la kazini. Mume wangu alikuwa kashika taa hasemi neno, na nilimshukuru kwa kutosema. Nilihesabu: mbegu, kodi ya shamba, mbolea, mafuta ya gari, kama dola 600, bila kutaja usingizi. Nililia, na kilichoniliza zaidi ya fedha ni kwamba nilikuwa nimempigia baba nikamwambia ghala limejaa.

Mwezi Februari nikamweleza mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akitulimia kwa trekta lake. Amekulia Aroostook, wilaya ya kaskazini mwa jimbo ambako viazi ndiyo maisha. Alinisimulia kwamba utotoni shule zilifungwa wakati wa mavuno ili watoto wakaokote viazi, na zipo zinazofanya hivyo mpaka leo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja: "Vyote uliviweka chumba kimoja?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na matofaa?"

Na matofaa.

Akanishika mkono akanipeleka kwake kunionyesha. Chini ya nyumba yake kuna kona imezungushiwa mbao, baridi kama friji, yenye dirisha dogo. Humo karoti ziko ndani ya mchanga, kabichi zinaning'inia vichwa chini na mizizi yake. Nje ya kona hiyo, penye ubaridi wa wastani na giza, viazi vimo kwenye kreti za mbao. Maboga hayakuwa chini kabisa. Yalikuwa juu, chini ya kitanda cha wageni. Vitunguu viko kwenye dari ya veranda iliyofungwa, kwenye nyavu. Matofaa yako peke yake kwenye banda. Tofaa likikaa linatoa gesi inayoitwa ethilini, haina harufu ya kukushtua, lakini karoti ikiivuta inakuwa chungu na kiazi kinayumba katika usingizi wake. Hiyo ndiyo sabuni aliyoisema mwanangu.

Nikitoka pale nilikuwa nimeelewa kitu ambacho hakuna mtu kwetu aliyehitaji kunifundisha: mboga iliyovunwa haijafa. Inapumua, na kila moja inataka pumzi yake. Usiulize "nitaweka wapi mavuno", uliza "huyu analala wapi, na yule analala wapi".

Mwaka wa pili nikaanza na kipimajoto cha dola 12 kinachoonyesha pia unyevu wa hewa. Kabla ya kununua chochote, nunua hicho, uzunguke nacho nyumba nzima wiki moja. Niligundua kwamba chumba chetu cha chini karibu na tanuru kina nyuzi 19 za Selsiasi, kona ya kaskazini nyuzi 11, kwenye ngazi za nje zenye mlango wa chuma nyuzi 3, na chumba cha kulala cha watoto upande wa dirisha nyuzi 15. Ghala zote nilikuwa nazo tayari. Kona ya kaskazini mume wangu aliizungushia mbao na mabamba mepesi ya kuzuia joto, kwa dola 240. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti tusitoboe ukuta, kwa hiyo tulitoa kioo kimoja cha dirisha tukaweka ubao wenye mabomba mawili: moja linashuka mpaka karibu na sakafu kuingiza hewa ya baridi, jingine liko juu kutoa ya joto. Usiku wa baridi tunafungua, mchana wa joto tunafunga. Kufika Desemba kona ile ilikuwa inakaa kwenye nyuzi 4.

Viazi mviringo niliacha ardhini wiki mbili baada ya majani kukauka, ngozi ikakomaa. Sikuosha hata kimoja. Vilikaa kwanza kama siku kumi mahali pa giza penye nyuzi 13 au 14 ili michubuko ifunge, ndipo nikavishusha kwenye baridi. Usivipeleke kwenye friji yenye baridi kali. Wanga wake unageuka sukari, na chipsi zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva.

Viazi vitamu ndivyo vilivyotufanya tuchekwe. Vinataka joto la nyuzi 29 au 30 na unyevu mwingi kwa siku tano mpaka saba, vidonda vikauke na ngozi mpya ifunge. Huku Oktoba joto hilo unalipata wapi? Bafu dogo la juu. Niliweka kreti nne kwenye beseni la kuogea, hita ya umeme ndogo mbali na maji, sufuria ya maji ya moto nikiibadilisha asubuhi na jioni, mlango umefungwa. Wiki nzima familia ya watu wanne ilitumia bafu moja. Binti yangu aliwaambia shuleni kwamba mama yake ameviogesha viazi mvuke. Baadaye nikavifunga kwa magazeti kimoja kimoja na kuvitia kabatini kwenye chumba cha watoto, kule kwenye nyuzi 15. Vikae wiki tatu au nne kabla ya kuvila, utamu unapanda. Cha mwisho tulikila mwezi wa nne, laini mpaka katikati.

Maboga nakata kwa mkasi wa miti, naacha mkia wa vidole vitatu, nabeba kama mtoto mchanga kwa chini. Yanakaa karibu na tanuru siku kumi, kisha kwenye rafu yenye ubaridi mkavu, yasigusane. Yale ya butternut ndiyo yanayofika Februari. Madogo yenye ngozi nyembamba usijidanganye, uyale kabla ya Krismasi. Vitunguu: majani yakishaanguka yenyewe unang'oa, unatandaza kwenye wavu kibarazani, pasipo jua kali wala mvua, wiki mbili au tatu mpaka shingo iwe kavu kabisa, ukiifinya haitelezi. Chenye shingo nene, kitangulie sufuriani. Hakitakaa hata ukisomee dua. Na usivitie pamoja na viazi, viazi vinataka unyevu na vitunguu vinaukimbia.

Karoti nilikata majani mpaka usawa wa kichwa na kuzipanga kwenye ndoo, tabaka la mchanga wenye unyevunyevu, tabaka la karoti. Mchanga uwe kama wa kujengea nyumba za watoto ufukweni, ukiufinya unashikana lakini hautoi maji. Nililowesha kupita kiasi ndoo ya kwanza nikapoteza karoti zote za chini.

Kuna kosa moja nilikaribia kulifanya ambalo lisingeishia kwenye taka. Nilikuwa na maharage mabichi mengi, nikaona watu wanatia mboga kwenye chupa za kioo na kuzichemsha. Nikanunua chupa ishirini. Sufuria ninayo, kubwa ya shughuli. Nilikuwa nimeshawasha jiko Mama Uvira alipopiga simu kwa jambo jingine, nikamweleza. Akasema zima. Binti yake alikuwa amehudhuria mafunzo ya ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maine, na hilo ndilo walilolisisitiza kuliko yote. Maharage, karoti, mahindi, mchicha, yaani mboga zisizo na uchachu, ndani ya chupa isiyo na hewa zinaweza kuota bakteria wanaotoa sumu ya botulizimu, ambayo huioni, huinusi, na inaweza kuua. Maji yanayochemka hayauui mbegu yake hata uchemshe kutwa. Inatakiwa sufuria maalumu ya mgandamizo wa mvuke inayofikisha joto la nyuzi 116. Nyanya ndizo zinazokubali maji ya kawaida, tena baada ya kuongeza maji ya limau ya chupa, vijiko vikubwa viwili kwa kila chupa ya lita moja. Nilikwenda kwenye mafunzo hayo mwenyewe. Mpaka leo sina sufuria hiyo ya mvuke, na maharage yangu yanakwenda kwenye friza.

Friza ya mitumba ilinigharimu dola 180 na ndiyo kitu nilichopaswa kukinunua mwaka wa kwanza. Mchicha, matembele, majani ya maboga: chovya kwenye maji yanayotokota dakika mbili, toa utie kwenye maji ya barafu, kamua kwa mkono mpaka yawe donge, funga donge moja kwa mlo mmoja, andika tarehe. Ukiruka kuchovya, baada ya miezi miwili utakuwa na majani yenye ladha ya nyasi kavu. Ngogwe nakata vipande na kuzichemsha kidogo hivyohivyo. Sura yake inapotea, lakini kwenye mchuzi wa samaki nani anaangalia sura.

Niseme na la hesabu, maana watu huwa wanaficha. Kwa saa ninazotumia, kuhifadhi viazi mviringo hakulipi. Mfuko wenye uzito wa pauni 50 dukani vuli hii ni bei rahisi kuliko mbegu na mgongo wangu, na jimbo hili viazi haviishi. Mwaka wa tatu nimevipunguza mpaka mistari miwili, vya kula vikiwa vichanga. Nafasi yake nimewapa wale ambao hakuna duka litakaloniuzia Februari: lengalenga, ngogwe, matembele. Donge moja la matembele nikimpa mgonjwa wa Kigoma au Bukavu wakati wa theluji, ananiangalia kama nimetoka safari. Kama una nafasi ndogo na kazi ya usiku, anza na hizo. Mengine nunua.

Sukuma wiki sihifadhi kabisa. Jalidi inazipa utamu, zinasimama shambani mpaka theluji ya kwanza na kuipita.

Na karoti, mwaka wa tatu, nimeziacha nusu ardhini. Mzee wa Aroostook ndiye aliyeniambia: kabla ardhi haijaganda, funika tuta kwa nyasi kavu unene wa goti, weka turubai juu na mawe pembeni, chomeka mti mrefu ili upaone theluji ikishuka. Sikumwamini sana. Katikati ya Desemba nilikwenda na beleshi, nikaondoa theluji, nikafunua turubai, nikasukuma nyasi pembeni. Mvuke ukatoka. Jembe likaingia bila kugonga. Nilikuwa peke yangu bonde zima, vidole vimekufa ganzi, nikampigia baba kwa video. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nyeupe ni nini?"

"Theluji, baba." Nikageuza simu aone shimo. Nikang'oa moja, nikaifuta kwa glavu, nyekundu juu ya weupe ule.

Akasogeza uso karibu na kioo. "Dalali anatoa shilingi ngapi?"

"Siuzi baba. Za kula."

Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo nyuma yake. "Basi usizing'oe zote leo," akasema. "Fukia, urudi ukiishiwa."